SOMO: KUCHAGUA VIPURI VYA KUFUFUA INJINI KUUKUU YENYE TURBO



Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, kila gari linalotembea katika Mkoa wa Simiyu huwa na kazi. Mengi ya magari hayo yana umri mkubwa na yanatumia injini za dizeli zenye turbo. Injini ya namna hiyo inapokufa, mmiliki huuza ng'ombe au hutumia fedha za pamba ili kuifufua. Iwapo vipuri vitakosewa, fedha hizo hupotea, na gari laweza kuzima njiani likiwa na abiria.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji atakuwa na uwezo wa:
(a) kujua ni wakati gani wa kununua vipuri na wakati gani wa kusubiri;
(b) kutambua vipuri vinavyolingana na injini yake;
(c) kudai haki yake pale anapouziwa bidhaa isiyofaa.

1. Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa mmiliki wa Toyota Hiace inayobeba abiria kati ya Lalago na Maswa. Gari linatumia injini ya 1KZ-TE, yenye silinda nne na ujazo wa lita 3.0. Injini imechemka, inatoa moshi na imepoteza nguvu. Kabla injini haijafunguliwa, mmiliki anasafiri hadi Mwanza na kununua seti nzima: pistoni, ringi, beringi na gasketi, zote za kipimo cha kiwandani. Anaporudi, fundi anafungua injini na kukuta silinda zimelika kiasi cha kuhitaji kuchongwa. Pistoni alizonunua hazifai tena. Muuzaji anakataa kuzipokea kwa kuwa maboksi yamekwisha kufunguliwa.

Katika mfano huu muuzaji hakudanganya, wala vipuri havikuwa bandia. Hasara ilitokana na kununua kabla ya kupima.

2. Pima kwanza, nunua baadaye

Silinda mpya ya 1KZ-TE ina kipenyo cha milimita 96. Ikilika, huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa mfano zenye nyongeza ya milimita 0.50. Kadhalika krankishafti ikichongwa huhitaji beringi nene zaidi, zile ambazo mafundi huziita metali. Tofauti hiyo jicho halioni. Huonekana kwa kifaa cha kupimia tu. Kwa hiyo, mtake fundi akuandikie vipimo vya kila silinda na vya krankishafti, kisha nenda dukani na karatasi hiyo mkononi.

Silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, ilhali bloku ni ya chuma cha kusubu. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi huweza kupinda au kupasuka, hususan katikati ya valvu. Usikubali hedi irudishwe kwa kuitazama tu. Ipelekwe karakana yenye uwezo wa kupima unyoofu wake na kuijaribu kwa shinikizo la maji au hewa. Gasketi yake nayo hutengenezwa kwa unene tofauti, na unene unaofaa huchaguliwa kwa kupima jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku.

3. Pistoni ya turbo na ile isiyo ya turbo

Baadhi ya injini zina ndugu zake wasio na turbo, kama vile Toyota 2L na 2L-T. Vipuri vyao huweza kufanana kwa macho, na mlaji huambiwa "vinaingiliana". Tahadhari. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, hivyo joto na shinikizo huongezeka. Kwa sababu hiyo pistoni za injini yenye turbo husanifiwa kustahimili hali hiyo, na kwa kawaida mgandamizo wake huwa mdogo kuliko wa injini isiyo na turbo. Pistoni isiyo yake huweza kuingia vizuri na injini ikawaka, kisha ikayeyuka au kupasuka gari likiwa na mzigo.

Njia ya uhakika ni namba ya kipuri, inayopatikana kwa kutumia namba ya chasisi na ya injini. Kwa Toyota, tarakimu tano za mwanzo hueleza aina ya kipuri: 13101 ni pistoni, 11115 ni gasketi ya silinda hedi, na 17201 ni turbo. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha injini moja na nyingine. Zilinganishe zote.

4. Turbo yenyewe

Mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini. Kwa hiyo turbo nyingi hufa kwa sababu ya oili chafu au isiyofika. Kama injini ilisaga metali, chembe za chuma husalia katika njia za oili na katika kipoza oili. Turbo mpya ikifungwa bila kusafisha njia hizo, nayo itakufa mapema.

Ukinunua turbo ya mtumba, ishike mhimili wake na kuuvuta mbele na nyuma: mchezo unaoonekana wazi ni dalili ya uchakavu. Kagua kama mapanga yamekwaruzwa au yamegusa nyumba yake. Mfereji wake wa oili usiwe na masizi magumu. Bomba la kuleta oili ni heri liwe jipya.

5. Mahali pa kubana matumizi na mahali pasipostahili

Bloku, krankishafti na kifuniko cha taimingi vya mtumba vyaweza kufaa, mradi vimepimwa. Gasketi, ringi, beringi, sili na taimingi belti visinunuliwe vya mtumba kamwe. Aidha, usisahau chanzo cha ugonjwa. Kama injini ilichemka kwa sababu rejeta imeziba, kuifufua bila kushughulikia rejeta, themostati na pampu ya maji ni kutwanga maji kwenye kinu.

6. Haki na wajibu wako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kuuza kipuri bandia kwa jina la kampuni nyingine ni kosa kisheria. Ili haki hiyo ikufae, fanya yafuatayo:

• Dai risiti ya EFD na uitunze.
• Hakikisha muuzaji ameandika namba ya kipuri na hali yake: kipya, cha mtumba au kilichokarabatiwa.
• Dhamana na masharti ya kurudisha viandikwe. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.
• Tunza maboksi na vipuri vya zamani hadi injini itakapokamilika na kujaribiwa.

Ukibaini kasoro, acha kutumia kipuri hicho, kipige picha, kisha umwone muuzaji. Msipoafikiana, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Mashaka kuhusu ubora wa bidhaa yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mmiliki katika mfano wetu alipata hasara ingawa vipuri vyake vilikuwa halisi?
2. Ni vipimo gani utakavyovidai kutoka kwa fundi kabla ya kununua pistoni na beringi?
3. Fundi anasema turbo imekufa. Ni jambo gani utakalotaka lichunguzwe kabla hujanunua nyingine?