Barua ya karo: maneno ninayoyapima kabla ya kuchapa

Kibanda changu sokoni Ekalakala kina kompyuta moja na printa. Shule zikikaribia kufunguliwa, kazi kubwa huwa barua za karo na fomu za basari, na zote huandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka mmoja alikuja mama, risiti zake kazifunga kwenye pindo la leso. "Mwanangu, niandikie wanikubalie nilipe kidogo kidogo." Nikaandika kwamba anaomba "fee exemption". Hiyo ni kusamehewa karo. Shule ikakataa, na mtoto akakaa nyumbani siku nane akichunga mbuzi huku wenzake wakisoma. Mama hakuomba msamaha; mimi ndiye niliyemwombea. Alichotaka huitwa "to pay in instalments". Tangu siku hiyo sigusi kibodi kabla mwenye barua hajaniambia kwa Kikamba ana pesa kiasi gani mkononi, nyingine ataleta lini, na deni ni ngapi.

Deni hilo ndilo "fee balance". Kwenye fomu ya basari wengi hujaza hapo karo ya mwaka mzima. Usifanye hivyo. Kamati ikilinganisha na karatasi ya shule, utaonekana mwongo ilhali ulikosea neno tu.

"Tuition" nalo lina mtego wake. Tangu 2008 serikali hugharimia "tuition" katika sekondari za umma, yaani ufundishaji. Lakini mzazi wa huku akilisikia, huwaza masomo ya likizo. Kwa hiyo mwenye mtoto bwenini namwandikia "boarding fees", kwa sababu hiyo ndiyo inayomlemea.

Nauli ni "fare". Usiandike "bus fee". Huduma isiyolipiwa ni "free of charge", usiiache "of". Ile ada ya kutoa pesa, tunayoombana kila siku kwenye M-Pesa, ni "withdrawal charges". Na uangalie sana kale ka-"with": "I was charged 200 shillings" ni kutozwa, bali "I was charged with" ni kushtakiwa. Niliwahi kukakuta kwenye barua ya mzazi aliyekuwa akidai tu kurudishiwa pesa zake, ambako ni "refund".

Nikimaliza, namsomea mwenyewe barua yote kwa Kikamba, sentensi kwa sentensi. Akisema, "Ndivyo nilivyosema," ndipo nawasha printa.