Mguu wa bandia uliopachikwa mfupani: ngozi inafungaje?

SWALI: Nasikia kuna miguu ya bandia inayopachikwa kwenye mfupa wenyewe. Pale chuma kinapotokeza nje, hapatungi usaha? Na wanyama wanahusikaje?

JIBU: Wasiwasi wako una msingi. Mfupa wenyewe hausumbui sana: miaka ya 1950, Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua kwa sungura kwamba mfupa hushikamana na titani barabara. Kazi ipo kwenye ngozi. Isiposhika chuma, huvutwa huku na huku kila hatua, upenyo hubaki wazi na bakteria hupita.

Gordon Blunn na wenzake wa University College London walichunguza pembe za kulungu, ambazo ni mfupa unaotoboa ngozi bila kuoza. Waliona kwamba chini ya ngozi mfupa huo umejaa vitundu, na nyama laini hujipenyeza humo na kujishikiza. Wakaunda kipandikizi chenye ukingo wa matundu unaokaa chini ya ngozi. Mwaka 2009, daktari wa mifugo Noel Fitzpatrick alimpandikizia vya aina hiyo paka Oscar, aliyekatwa nyayo za nyuma na mashine ya kuvunia. Oscar akatembea tena. Mwili hai unaobeba uzito hufichua mambo ambayo chupa ya maabara haiwezi.

Hata hivyo, maambukizi bado hutokea. Mwenye kipandikizi asafishe tundu kila siku kama alivyoelekezwa, na akiona wekundu, maumivu au usaha, awahi hospitali.