Mpe Msomaji Mji

"Kitendawili!" "Tega!" Mtegaji anasema maneno yake, wenzake wanakisia, na wakishindwa anawaambia: "Nipeni mji." Wanampa Bagamoyo, au Lamu, au mji wowote unaowajia mdomoni. Hata hapo jibu halitoki mara moja. Kwanza anasimulia jinsi alivyokwenda Bagamoyo, alivyopokewa, alivyokirimiwa, ndipo anapolitaja. Wengi wetu tuliucheza mchezo huu kabla ya kujua kusoma, na ndani yake mna jambo ambalo watengenezaji wengi wa hadithi na masomo ya mtandaoni hulisahau: aliyekosa hafukuzwi barazani. Kukosa kwake ndiko kunakoleta hadithi.

Nafundisha historia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza pamoja na wanafunzi hadithi shirikishi, yaani kazi za maandishi, picha na sauti zinazomtaka msomaji aguse, achague, na aone uchaguzi wake umezaa nini. Nimeona nyingi zikianza kwa shangwe na kuishia nusu njia. Mara chache sana tatizo lilikuwa kompyuta. Mara nyingi hakuna aliyekuwa ameuliza, kabla ya kupiga picha hata moja, kidole cha msomaji kitafanya kazi gani.

Liulize swali hilo kwanza. Ukitaka msomaji alinganishe mtaa wa zamani na wa leo, kazi ya kidole ni kuvuta mstari juu ya picha mbili zilizopigwa kutoka mahali pamoja. JuxtaposeJS hufanya hivyo. Ukitaka asafiri kutoka kituo hadi kituo, unahitaji ramani, na StoryMapJS inakutosha. Ukitaka aone miaka inavyofuatana, TimelineJS itakupangia matukio uliyoyaandika kwenye jedwali la Google. Zana hizi tatu zimetengenezwa na Knight Lab ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na hazilipiwi. Ukitaka agundue sehemu za kitu kimoja, tuseme viungo vya jahazi au vyumba vya nyumba ya Kiswahili, weka vitufe juu ya picha kwa H5P, programu huria iliyoanzia Norwe. Lakini ukitaka aamue jambo na abebe matokeo yake, hapo unahitaji hadithi yenye matawi, na hiyo ndiyo nitakayokaa nayo, kwa sababu ndiyo yenye nguvu kubwa na ndiyo watu huiogopa bure.

Nitaje pia umbo moja ambalo ningekushauri usianze nalo. Desemba 2012 gazeti la New York Times lilitoa "Snow Fall", simulizi ya John Branch kuhusu maporomoko ya theluji katika jimbo la Washington. Msomaji alikuwa anateremsha ukurasa huku video, ramani na picha zikijitokeza zenyewe. Ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na kila chumba cha habari kikataka ya kwake. Ni kazi nzuri mno. Pia ni kazi ya timu kubwa, na ni nzito kwa mtu anayesoma kwa bando la siku. Iheshimu, uiache.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate. Mahali ni Kilwa Kisiwani, mwaka ni 1331, mwaka aliopita msafiri Ibn Battuta akausifu mji huo. Msomaji wetu ni mfanyabiashara aliyeshuka na kaskazi, akaleta vitambaa na shanga, naye anataka dhahabu inayopandishwa kutoka Sofala, kusini zaidi, katika Msumbiji ya leo. Nimeichagua Kilwa kwa sababu bahari yenyewe imekwisha kutupangia mtego. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kuleta vyombo. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka hata manahodha wakakaa bandarini. Kwa hiyo mfanyabiashara ana njia mbili: aondoke Aprili na mzigo nusu, au angoje dhahabu ya Sofala aondoke Agosti, akiomba isichelewe mpaka upepo ugeuke.

Uamuzi huo una uzito kwa sababu kila upande una faida na hasara yake. Hapa ndipo hadithi nyingi za wanafunzi huteleza. Wanaandika: "Utamsaidia mzee, au utampita?" Kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Msomaji anagusa "nitamsaidia", anapongezwa, na hakuna alichofikiri. Chaguo zuri ni lile ambalo watu wawili wenye akili wakikaa barazani watabishana juu yake. Jaribu machaguo yako hivyo: wasomee wenzako bila kuwaambia unakoelekea. Wote wakichagua upande mmoja, lifute uandike jingine.

Sasa chukua karatasi, usifungue kompyuta bado. Kata vipande vidogo, kila kipande kiwe tukio moja la maneno 80 hadi 120, yaani kinachotosha kwenye kioo cha simu bila kuteremka sana. Vitandaze sakafuni, unganisha kwa uzi au kwa chaki. Utagundua upesi hatari ya matawi: kila kipande kikiwa na njia mbili, na kila njia ikizaa mbili nyingine, baada ya hatua 10 una miisho 1,024. Hakuna wa kuiandika. Dawa yake ni kuziacha njia zikutane tena. Aliyekwenda sokoni na aliyekwenda msikitini wote wanaamkia bandarini kesho yake, lakini mmoja ana habari ambayo mwenzake hana, na habari hiyo itamfaa au itamponza baadaye. Vipande 20 vilivyofumwa hivyo vinatosha kwa hadithi nzima.

Na aliyekosa? Tuseme msomaji amengoja mno, dhahabu imechelewa, Septemba imepita na upepo wa kurudi umekwisha. Mtengenezaji mvivu humwandikia "Umeshindwa. Anza upya." Mpe mji. Mfanyabiashara amekwama Kilwa kwa miezi mingi: apande mpaka Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya genge, aone bwawa lake la pembe nane, akae kwenye msikiti mkuu, auze kitambaa kwa sarafu za shaba zilizofuliwa hapohapo, apewe chakula katika bakuli la Kichina na aulize limefikaje. Aliyeondoka mapema na faida yake ndogo hakuviona vyote hivi. Wanafunzi wangu wakishaelewa jambo hili, huanza kuuliza kama wanaweza kurudia hadithi ili wakose kwa makusudi, na hapo najua wameanza kuijali Kilwa.

Karatasi zikikubali, fungua Twine. Ni programu isiyolipiwa iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Unaweza kuitumia kwenye kivinjari au kuipakua kwenye kompyuta. Kila kipande cha karatasi kinakuwa kisanduku. Njia ya kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine unaiandika hivi: [[Pandisha tanga->Baharini]]. Maneno ya kushoto ndiyo atakayoyaona msomaji, neno la kulia ni jina la kisanduku anachoelekea, na mshale unachorwa wenyewe. Kwa siku za mwanzo hii inatosha. Baadaye utajifunza kuifanya hadithi ikumbuke, kwa mfano msomaji amebakiwa na majora mangapi ya kitambaa, na kumfungulia au kumfungia mlango kulingana na kumbukumbu hiyo. Usilikimbilie hilo. Hadithi dhaifu yenye hesabu inabaki dhaifu.

Neno juu ya maandishi ya njia zenyewe. Usiandike "Bofya hapa" wala "Endelea". Andika kitendo: "Mpe nahodha shanga", "Nyamaza", "Uliza bei ya pembe". Msomaji anapogusa "Nyamaza", amenyamaza yeye. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa kitenzi kimoja cha kuamuru kinabeba sentensi nzima.

Onyo moja lililotugharimu. Ukitumia Twine ndani ya kivinjari, kazi yako imehifadhiwa kwenye kivinjari hicho, na kumbukumbu zake zikifutwa nayo inaondoka. Mwanafunzi mmoja alipoteza kazi ya wiki mbili kwa sababu mtu alisafisha kompyuta ya maabara Ijumaa jioni. Hakuna aliyemtakia mabaya, ila hakuna aliyemwambia. Kila unapoinuka, toa nakala ya faili, uitume kwenye barua pepe yako na nyingine uiweke kwenye flashi.

Picha na sauti zije mwisho, na zije kwa sababu. Piga hesabu ya bando la msomaji kana kwamba unalilipia wewe. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na megabaiti 3 au zaidi. Ipunguze ifike upana wa pikseli 1,080 na uibane, itashuka mpaka kilobaiti mia moja na kitu, na kwenye kioo cha simu jicho halitaona tofauti. Sauti ya mtu anayesema, ikiwa ya njia moja na imebanwa kwa kilobiti 48 kwa sekunde, inakula kilobaiti 360 kwa dakika. Video ya kawaida ya kilobiti 1,500 kwa sekunde inakula zaidi ya megabaiti 11 kwa dakika hiyohiyo. Ndiyo maana napendelea sauti. Sauti ya bahari ikipiga ubavu wa chombo, au ya mzee akitaja majina ya pepo kwa lafudhi ya kwao, inajenga mahali kuliko video iliyokwama katikati ikizunguka.

Kurekodi hakuhitaji studio. Zima feni, funga dirisha la barabarani, tandika blanketi mezani na ning'iniza khanga nyuma ya msemaji ili mwangwi ufe, kisha weka simu shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Rekodi pia nusu dakika ya kimya cha chumba hicho. Utakihitaji ili kuziba mapengo unapokata. Omba ruhusa ya msemaji mbele ya kinasa sauti chenyewe, na umweleze waziwazi kwamba sauti yake itasikika na yeyote duniani. Wazee wetu wana haki ya kulijua hilo kabla ya kutupa hazina zao.

Usiiache sauti ijianzishe ukurasa unapofunguka. Vivinjari vya simu huizuia mara nyingi, na hata isipozuiwa, itamwaibisha msomaji aliye kwenye daladala au matatu. Weka kitufe, na chini yake maneno yote yaliyosemwa, kwa ajili ya kiziwi na kwa ajili ya yule asiye na spika za masikioni. Vitufe navyo visipungue milimita 9, maana kidole gumba ni kinene. Na kama umeweka maandishi juu ya picha, toka nayo juani saa sita mchana uone kama yanasomeka.

Twine inakupa faili moja ya HTML, inayofunguka kwenye kivinjari chochote, hata bila intaneti. Tambua tu kwamba picha na sauti hazimo ndani yake, zinakaa kando. Ziweke kwenye folda moja na faili hiyo, zitaje kwa majina yasiyo na nafasi, na uzipandishe zote pamoja. GitHub Pages na itch.io huhifadhi kazi za namna hii bila malipo. Hadithi ya maandishi matupu ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuituma kwa WhatsApp kama waraka, lakini ijaribu kwanza kwenye simu mbili tatu tofauti, kwa kuwa si kila simu huifungua sawasawa. Kwa nini nasisitiza HTML ya kawaida? Kwa sababu kwa miaka mingi masomo na michezo ya wavuti ilitengenezwa kwa programu ya Flash, na wenyewe Adobe walipoacha kuihudumia mwisho wa 2020, kazi nyingi za walimu zilizimika.

Kabla ya kuitangaza, mpe mtu simu yenye hadithi yako, ukae pembeni, unyamaze. Kunyamaza ni kugumu. Utataka kusema "gusa pale", na hapo utakuwa umeficha kosa badala ya kuliona. Angalia kidole chake. Kikisita, maneno ya njia hayaeleweki. Kikigusa picha isiyoguswa, picha hiyo inafanana na kitufe. Kikipita haraka bila macho kusoma, maandishi ni marefu au hayana mtego. Andika unachokiona, usimuulize kama ameipenda, maana atakuambia ameipenda. Muulize akusimulie kilichotokea. Akisimulia kwa "mimi", nilingoja, nikakwama, nikauza vitambaa vyangu, iweke mtandaoni jioni hiyohiyo. Akisimulia kwa "yule mfanyabiashara", rudi sakafuni kwenye karatasi zako, utafute kile kipande ambacho uamuzi haukuwa wake.