Swali Nalo Hubeba Neno

Mvuvi wa Matemwe akisema, "Maji yamekupwa," twaweza kwenda pwani tukatazama: amesema kweli au uongo. Akiuliza, "Je, maji yamekupwa?" hapo hapana kweli wala uongo, swali hutaka jibu. Akiamuru, "Tua tanga!" amri hutiiwa au hukataliwa.

Lakini tuangalie vema. "Tua tanga" huchukulia kwamba tanga liko juu. Kama halijatwekwa, amri hiyo haina kazi. Swali nalo laweza kubeba neno lisilothibitishwa.

Tulipokuwa tukifundisha tulimwuliza mtoto, "Kwa nini umeiba chaki?" Akanyamaza, tukamchapa. Baadaye chaki zikaonekana kabatini. Sababu yoyote ambayo angeitaja ingekuwa ni kukiri wizi. Ilitupasa tuulize kwanza, "Je, umechukua chaki?" na kulisikiliza jibu lake.

Basi, tusiulize la pili kabla ya kulijua la kwanza.

Maswali ya kujadiliana:
1. "Umeacha lini ulevi?" Swali hili limekwisha kusema nini?
2. Mzazi akiamuru, "Rudisha kisu!" amechukulia nini kuwa kweli?