Maria na Yosefu Wabisha Hodi: Desturi ya Noeli katika Nchi ya Meksiko

Wakatekumeni wapenzi, mmekwisha kusikia katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 2, jinsi Yosefu na Maria walivyofika Betlehemu wasipate mahali katika nyumba ya wageni. Habari hiyo ni fupi, nasi twaisikia na kuipita upesi. Lakini Wakristu wa Meksiko, ng'ambo ya bahari, hawaipiti upesi. Huitengea siku tisa nzima, tangu tarehe 16 hata tarehe 24 Desemba. Desturi hiyo yaitwa Posada, ndiyo kusema, kwa lugha ya Kihispania, nyumba ya kulala wageni.

1. Asili yake

Zamani Waazteki, wenyeji wa nchi ile, walikuwa na sikukuu ya Huitzilopochtli, mungu wao wa vita na wa jua, katika majira hayo hayo ya mwaka. Walipoingia katika dini ya Kristu, wamisionari hawakutaka kuziacha siku hizo tupu. Basi, katika karne ya 16, Padri Diego de Soria, mtawa wa Mtakatifu Augustino huko Acolman, karibu na mji wa Mexico, alipata ruhusa ya Papa Sixtus V kuadhimisha Misa tisa kabla ya Noeli. Misa hizo zilisomwa uani pa kanisa, na watu walionyeshwa kwa michezo safari ya Maria na Yosefu. Baadaye desturi ikatoka uani pa kanisa, ikaingia mitaani na nyumbani mwa watu.

2. Jinsi inavyofanyika

Jioni watu wa mtaa hukusanyika, wakubwa kwa wadogo, wakishika mishumaa. Watoto hutangulia na sanamu ya Yosefu, na ya Maria akiwa juu ya punda. Njiani husali rozari na kuimba litania. Wafikapo kwenye nyumba iliyochaguliwa kwa usiku ule, kundi hugawanyika: wengine huingia ndani na kufunga mlango, wengine hubaki nje katika baridi.

Ndipo huanza kujibizana kwa wimbo. Walio nje huomba mahali kwa jina la Yosefu, kwa kuwa mkewe amechoka. Walio ndani hukataa, wakimwambia aendelee mbele, maana hawamjui, naye huenda ni mhuni. Yosefu huomba tena na tena, wala hakasiriki. Mwishoni hutaja jina la mkewe, Maria, Malkia wa mbingu. Mara mlango hufunguliwa, wote huingia kwa shangwe, husali, kisha hula na kunywa pamoja. Usiku wa tarehe 24, baada ya Posada ya mwisho, huenda kanisani kwa Misa ya Noeli.

3. Maana yake

Siku tisa ni ukumbusho wa miezi tisa ambayo Bikira Maria alimchukua Yezu tumboni mwake. Tena, baada ya kula, watoto huvunja pinyata. Hicho ni chungu kilichofunikwa kwa karatasi za rangi, nacho hutundikwa juu kwa kamba. Kwa desturi kina pembe saba, mfano wa mizizi saba ya dhambi: kiburi, uchoyo, uzinifu, wivu, ulafi, hasira na uvivu. Mtoto hufungwa kitambaa machoni, mfano wa imani isiyoona. Fimbo yake ni mfano wa fadhila. Chungu kikivunjika, miwa, machungwa na karanga humwagika, mfano wa neema za Mungu, na wote huokota.

4. Mafundisho kwetu

Mwangalieni sana yule mwenye nyumba. Si mtu mwovu kupita wengine. Ni usiku, amechoka, aogopa wezi. Sababu zake ni zile zile tulizo nazo sisi. Naye hufungua aliposikia jina kubwa.

Lakini fikirini: katika Injili ya Mtakatifu Mathayo, sura ya 25, wale waliohukumiwa walishangaa, wakauliza ni lini walimwona Bwana akiwa mgeni. Hawakuambiwa jina mlangoni! Nawe hutaambiwa. Atakayebisha kwako atakuwa mjane, au mtoto yatima, au mkimbizi wa vita, au mtu wa kabila usilolipenda. Hatasema kwamba ni Yezu. Basi asiyefungua mpaka asikie jina kubwa, huenda asifungue kamwe.

Wewe mkatekumeni wajua kungoja ni nini. Siku ulipopokelewa katika ukatekumeni padri alikupokea mlangoni pa kanisa, akakuuliza waomba nini. Je, wewe uombaye kufunguliwa mlango wa Kanisa, mlango wako mwenyewe waufunga mbele ya nani?

Maswali

Posada ni nini?
Ni desturi ya Wakristu wa Meksiko, ya kukumbuka kwa siku tisa jinsi Maria na Yosefu walivyotafuta mahali pa kulala.

Kwa nini ni siku tisa?
Kwa kukumbuka miezi tisa ambayo Maria alimchukua Yezu tumboni.

Pinyata yafundisha nini?
Yafundisha kwamba tukiishinda dhambi kwa imani na fadhila, twapokea neema za Mungu.

Yezu atujia leo namna gani?
Atujia katika kila mgeni na maskini, bila kutaja jina lake.

Zoezi la juma hili

Kabla ya Noeli, mtafute mtu mmoja kijijini ambaye hakuna amkaribishaye. Mwite nyumbani kwako, umpe kiti, ule naye. Usingoje abishe hodi.