Kabla ya Kununua Redio ya Kusikilizia Morse

Kila mwaka, tarehe 12 Julai, kituo cha redio ya meli cha KPH, kilichopo Point Reyes, California, hurudi hewani kwa alama za Morse. Ni kumbukumbu ya tarehe hiyo mwaka 1999, huduma ya kibiashara ya Morse baina ya meli na nchi kavu ilipofungwa nchini Marekani. Wanaokiendesha sasa ni watu wa kujitolea wa Maritime Radio Historical Society, kwa mitambo ya zamani waliyoifufua wenyewe. Matangazo huanza saa 11:01 jioni kwa saa za huko. Afrika Mashariki huwa ni saa 9:01 usiku wa kuamkia tarehe 13.

Mtumiaji anayetaka kuyasikia huweza kuambiwa dukani kwamba redio yoyote ya masafa mafupi, yaani SW, itamfaa. Haitamfaa. Sauti ya mtangazaji hubebwa na wimbi, bali alama ya Morse ni wimbi lenyewe likiwashwa na kuzimwa, bila sauti ndani yake. Redio ya kawaida ikilinasa, utasikia mvumo ukififia na kurudi, basi. Ili mlio utoke, redio sharti izalishe wimbi lake dogo na kulichanganya na lile lililopokelewa. Yenye uwezo huo huwa na kitufe kilichoandikwa SSB, CW au BFO.

Usiridhike na maandishi ya kwenye boksi. Mwombe muuzaji mtoke nje, mbali na taa na chaja zinazoleta kelele. Tafuta kituo chochote cha SW, washa SSB, kisha zungusha taratibu. Unapokikaribia kituo yakupasa usikie mluzi unaoshuka hadi karibu kutoweka, kisha unapanda tena. Usipousikia, usilipe. Angalia pia kama redio husogea kwa kilohezi 1 au pungufu, kwani inayoruka kwa 5 huenda ikayapita masafa ya KPH, yakiwamo 8,642, 12,808.5 na 17,016.8. Ukinunua, dai risiti.

Wapo wanaovutiwa pia na kituo cha kale cha Grimeton, Uswidi. Hicho hurusha katika kilohezi 17.2, ambako redio za kawaida za dukani hazifiki, ziwe na SSB au zisiwe nayo.

Hata redio nzuri haina dhamana ya kuinasa KPH kutoka umbali unaozidi kilomita 15,000. Kwa hiyo twaona ni busara kusikiliza kwanza kupitia vipokezi vya redio vilivyo wazi katika intaneti. Gharama yake ni kifurushi cha data tu, na unaweza kuchagua kipokezi kilichopo California kwenyewe. Kituo utakitambua kwa jina lake: kistari, nukta, kistari, nukta, vistari viwili, nukta, kisha nukta nne.

Kuwajibu kwa mtambo wako mwenyewe ni jambo jingine. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni, hata kama nia ni kutoa salamu tu.