Masaa Nane ya Usingizi, Mbona Bado Nimechoka?



Vijana wenzangu, leo naomba tujifunze jambo ambalo wengi wetu tunaona aibu kulisema: uchovu wa mchana kutwa, usiokwisha hata ukilala vya kutosha. Nitaanza na yaliyonipata mimi, kisha tuone Maandiko na Kanisa vinatufundisha nini.

1. Yaliyonipata

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa nalala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Masaa nane kamili, simu nimezima. Lakini ikifika saa nne asubuhi nimechoka kama mtu aliyetoka kulima. Nasinzia darasani. Nasinzia kwenye daladala hadi napitilizwa kituo. Kwenye Jumuiya, tukisali Rozari, tendo la tatu lilikuwa linanikuta nimeshalala.

Jumapili moja daftari la nyimbo likanidondoka mkononi katikati ya Misa, kwaya nzima ikageuka. Mwenzangu akaninong'oneza, "Dada, usiku unakuwaga wapi?" Wakacheka. Mama naye kwenye simu: "Mwanangu, huo ni uvivu, jikaze." Basi nikajikaza kwa chai ya rangi, vikombe vinne kwa siku, kimoja kwa kila mlo na kingine usiku kabla ya kusoma.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wakati huo nilikuwa naandikiana na sista mlezi wa miito. Nikajiuliza: mtu asiyeweza kukaa macho nusu saa mbele ya Ekaristi Takatifu, atayaweza maisha ya utawa? Nikaandika barua ya kujitoa. Nikaiweka chini ya godoro, nikisubiri ujasiri wa kuituma.

Kila nilipoungama nilitaja lile lile: "Nimekuwa mvivu wa sala." Mara ya nne padre akaniuliza, "Usingizi usipokushika, unapenda kusali?" Nikasema napenda. "Na ukipanda ngazi, moyo unakwenda mbio?" Nikashangaa, kumbe ni kweli! Akaniambia, "Hilo la usingizi, mwanangu, nenda hospitali ukapime damu."

Nikapima. Wingi wa damu ulikuwa 7.4, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Daktari akaniuliza kuhusu hedhi. Nikamwambia inachukua siku nane hadi tisa, tena nyingi. Nilidhani ndivyo ilivyo kwa wote. Akaniuliza na chai. Nilipomwambia nakunywa pamoja na chakula, akatikisa kichwa: chai inauzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Bila chuma mwili hautengenezi damu ya kutosha kusafirisha oksijeni. Hapo hata ulale masaa kumi, utaamka umechoka. Yaani dawa niliyojipa ndiyo iliyokuwa inaniongezea ugonjwa!

2. Uvivu na uchovu si kitu kimoja

Ni kweli Kanisa linautaja uvivu kati ya vichwa saba vya dhambi. Lakini mvivu anaujua wema na anaukataa. Aliyechoka anautaka, ila mwili haumfikishi. Katekisimu (namba 1857) inafundisha kwamba dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili. Anayesinzia bila kutaka, ridhaa hiyo anaitoa wapi?

Mtazame nabii Eliya (1 Wafalme 19). Amechoka mpaka anaomba afe, amelala chini ya mti jangwani. Malaika hakumgombeza. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya akatembea siku 40 hadi mlima Horebu. Mungu aliuhudumia kwanza mwili wa mtumishi wake, na utume ukafuata.

Hata Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alikiri kwamba alikuwa akisinzia kwenye sala, naye alikuwa mtawa! Hakukata tamaa, alijua mzazi humpenda mtoto wake hata akiwa amelala. Mwaka 1997 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

3. Tufanye nini?

- Kwanza jichunguze kwa ukweli. Kama unakesha na simu, usimsingizie ugonjwa. Zima ulale.
- Kama unalala vizuri na wiki zinapita bado umechoka, nenda ukapime. Inaweza kuwa upungufu wa damu, minyoo, kisukari, tezi ya shingo, sonona, au kukoroma kunakokatisha pumzi usiku. Usinunue vidonge kwa kubahatisha.
- Chai iache ikae mbali na mlo, angalau saa moja. Kula dagaa, maini, maharage na mboga za majani, na chungwa au ndimu pembeni.
- Mwenzako akisinzia kanisani, usimcheke. Muulize anaendeleaje.

Yoshua bin Sira (sura ya 38) anatuambia tusali tunapougua, na tumpe daktari nafasi yake. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

4. Leo hii

Sijapona moja kwa moja. Nilimeza vidonge vya chuma miezi kadhaa, damu ikapanda, lakini hedhi bado inatibiwa na kuna wiki uchovu unarudi. Siku hizo nasali kwa ufupi, nimesimama, na nikisinzia namwambia Yesu, "Nipo hivi hivi." Ile barua niliichana. Nikamwandikia sista ukweli wote. Akanijibu nitibiwe kwanza, halafu tutaongea.

Swali la kujitafakari: Ni nani nimewahi kumwita mvivu bila kumuuliza anaumwa nini?

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe uliyelala mashuani kwa uchovu, utufundishe kuutunza mwili uliotupa, na kuwahurumia waliochoka. Amina.